Kadi ya kompresa: shajara ya kuuchora upepo ndani ya silinda, Chake Chake

6 Julai

Kompresa ya fundi wa matairi aliye karibu na skuli yetu inachukua dakika 13 kujaza tangi la lita 100 mpaka geji isome bari 7. Nimeipima mwenyewe kwa saa ya simu, asubuhi mashine ikiwa baridi na jioni ikiwa moto. Fundi, ambaye kwa umri wake namwita Ami, anasema zamani tangi lilikuwa linajaa kabla hajamaliza kutoa ringi mbili za gari. Sasa wateja wanakaa kwenye benchi wakisubiri upepo.

Watu wawili wameshaitazama. Mmoja kasema pete za pistoni zimekwisha, anunue seti mpya kutoka Dar es Salaam. Mwingine kasema mashine imechoka, ende nayo kwenye chuma chakavu. Hakuna kati yao aliyefungua hata bolti moja.

Mimi nasomesha fizikia kidato cha tano na cha sita. Kila mwaka nachora ubaoni mchoro wa presha na ujazo: ujazo chini, presha kwenye ubavu, mkunjo unapanda, unakwenda, unashuka, unarudi ulikoanzia. Wanafunzi wanaunakili vizuri, na katika mtihani wanaukumbuka. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona ukitoka kwenye chuma kinachozunguka, wala mimi sijawahi. Leo nimemwomba Ami anipe kompresa yake kila jioni baada ya Alasiri na siku za mapumziko, niuchore mchoro wake wa kweli. Kakubali kwa sharti moja, asubuhi aikute inafanya kazi.

Darasani tunasema kanieneo. Gereji ni presha, na humu nitaandika presha. Namba zote za presha za ndani ya silinda ni presha kamili, yaani nimejumlisha bari 1 ya hewa inayotuzunguka. Geji ya tangi ikisoma 6, mimi naandika 7.

13 Julai

Kichwa kimefunguliwa. Silinda ni moja, kipenyo mm 65, mwendo wa pistoni mm 50, kwa hiyo pistoni inafagia cc 166. Konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki inayozunguka, ni mm 90 kutoka kati hadi kati. Pistoni ikifika juu kabisa inabakisha mm 1.8 kufikia ukingo wa silinda, na gasketi iliyokwisha kubanwa ni mm 0.5. Nafasi hiyo ni cc 7.6. Nikijumlisha tundu nitakalotoboa na mdomo wa kihisi, inakuwa cc 8.3. Hii ndiyo hewa isiyotoka kamwe. Inabanwa, inatanuka, inabanwa tena, siku nzima.

Kihisi cha presha nitakifunga kwenye sahani ya valvu, ile ya chuma inayokaa baina ya silinda na kichwa. Nimetoboa tundu la mm 3 kutoka ubavuni, likakutana na jengine linaloshuka silindani. Tumetumia kekee ya kusimama ya karakana, pole pole, oili ikidondoka juu ya ncha.

Ndimi za valvu, vile vibamba vyembamba vinavyofungua na kufunga njia ya hewa, sikuzigusa. Zina masizi ya oili kama kompresa yoyote ya umri huu, na mkono uliniwasha kuzisafisha. Lakini nikisafisha kabla ya kupima, sitajua kilichokuwa kibaya ni kipi. Nimezifunika kwa utepe wa karatasi wenye gundi wakati wa kutoboa, nikapuliza, nikarudisha kila kitu kilivyokuwa.

Kwenye fraiwili, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na krenki, nimefunga bamba la alumini lenye mianya 72, kila nyuzi 5 mwanya mmoja, na jicho la mwanga lililotolewa kwenye printa mbovu. Jicho la pili linaona mwanya mmoja tu, ule wa pistoni kuwa juu. Kila jicho la kwanza linapoona mwanya, Arduino, bodi ndogo ya kompyuta, inasoma presha mara moja. Ujazo hausomwi na kihisi chochote, unatoka kwenye hesabu: nikijua krenki iko nyuzi ngapi, urefu wa konrodi na nusu ya ule mwendo wa mm 50 vinanipa pistoni iko wapi.

20 Julai

Kihisi kimekwama Unguja. Kusi limechafuka na boti ya Ijumaa haikuondoka. Naandika habari ya wale waliotangulia, kwa sababu nilipoisoma niliona kazi yangu hii ni ndogo mbele yao.

James Watt alitaka kujua mvuke unafanya nini ndani ya silinda za injini zake. Alifunga kasilinda kadogo pembeni, ndani mna kapistoni kanakosukumana na springi: presha ikipanda, kalamu inapanda. Msaidizi wake John Southern, mwaka 1796, akaongeza ubao wenye karatasi unaokwenda na kurudi pamoja na pistoni ya injini. Kalamu inapanda na kushuka kwa presha, karatasi inakwenda kando kwa ujazo, na injini yenyewe inajichora. Waliiweka siri kwa miaka mingi, maana aliyekuwa na karatasi ile alijua injini inakula nini na inatoa nini, na mshindani wake hajui.

Sadi Carnot alipoandika kitabu chake cha nguvu ya moto mwaka 1824 hakukiwekea mchoro huu. Aliyeichukua fikra ya Carnot na kuivika mistari ya presha na ujazo ni Émile Clapeyron, mwaka 1834. Kwa hiyo ule mchoro ninaouchora ubaoni kama wa nadharia ulizaliwa karakanani, umepakaa mafuta, zaidi ya miaka 30 kabla ya kuingia vitabuni. Hili nimelisoma mara tatu. Sikulijua, na nimesomesha miaka tisa.

Baadaye kila fundi mkuu wa meli ya mvuke alikuwa na kifaa hiki ndani ya sanduku la mbao, na karatasi zake zikaitwa kadi. Ile Glasgow ya Sultani iliyozamishwa mbele ya mji wa Unguja tarehe 27 Agosti 1896 ilikuwa meli ya zama hizo. Kadi ndiyo iliyokuwa ikimwambia fundi valvu ipi inafunguka ikichelewa, bila ya kusimamisha meli katikati ya bahari. Nami nitaiita kadi.

25 Julai

Kihisi kimefika: bari 0 hadi 12, volti 0.5 hadi 4.5. Kwa Arduino hatua moja ya kusoma ni kama bari 0.015, inatosha na kubaki.

Niliogopa joto la kichwa, nikakifunga mbali kidogo kwa mpira wa sm 40. Tumewasha. Binti yangu kashika koki ya tangi, anaachia upepo kidogo kidogo ili geji isimame kwenye 6. Mimi niko kwenye kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Mkunjo wa kwanza umetoka saa kumi na moja na robo. Tulipiga kelele sote, na Ami kaacha tairi akaja. Kisha nikautazama vizuri. Juu, pale valvu ya kutolea inapofunguka na presha ilitakiwa itulie karibu na bari 7, pana mawimbi kama ya bahari ya nje. Na umbo zima limesogea upande, kama kwamba presha inajua habari ikiwa imeshapitwa na wakati.

Na ndivyo ilivyo. Presha inasafiri ndani ya mpira kwa mwendo wa sauti, kiasi cha mita 350 kwa sekunde. Sm 40 ni zaidi kidogo ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kompresa inazunguka mara 15 kwa sekunde, na katika muda huo krenki imeshapita nyuzi 6. Na upepo unaogonga mwisho wa mpira unarudi, unakwenda, unarudi, kama filimbi.

26 Julai

Nimechukua bomba la sindano la cc 60, nikaliunga na kihisi kwa mpira ule ule. Boyle alitangaza mwaka 1662 kwamba ujazo ukipungua nusu presha inakuwa maradufu. Basi kutoka 60 hadi 30 nisome 2, na kutoka 60 hadi 20 nisome 3. Nimesoma 1.86 na 2.6. Boyle hakukosea. Mpira una hewa yake, na hesabu inaifichua: 65 gawa kwa 35 ni 1.86, 65 gawa kwa 25 ni 2.6. Mpira umebeba cc 5.

Cc 5 si kitu kwenye bomba la sindano. Kwenye silinda yenye nafasi ya cc 8.3 ni balaa. Nilikuwa napima kompresa nyengine kabisa, si ya Ami.

Mpira umetupwa. Kihisi kinakwenda moja kwa moja kwenye sahani kwa nipeli fupi ya shaba, na kitambaa chenye maji kitakifunika baina ya vipimo. Vile vile nabadilisha puli ya mota niweke ndogo, mashine izunguke nusu ya mwendo wake, mara 7.5 kwa sekunde, maana kihisi chenyewe kina uzito wa kujibu. Nusu ya mwendo inapunguza kosa lake kwa nusu.

2 Agosti

Kadi ni safi, haina mawimbi, lakini upande wa kushoto umejifunga fundo. Mstari wa kutanuka umepita juu ya mstari wa kubana, kama kwamba kompresa inatuzawadia kazi badala ya kula. Mashine ya namna hiyo haipo duniani.

Kosa ni la jicho la pili. Alama ya pistoni kuwa juu niliiweka kwa kutazama, na pale juu pistoni haionekani kama inakwenda. Nimepiga hesabu: krenki ikizunguka nyuzi 6 kutoka juu kabisa, pistoni inashuka chini ya mm 0.2. Macho ya nani yataona hilo?

Njia ya mafundi wa injini ni nzuri kuliko macho. Nimefungua tena kichwa, nikafunga ukanda wa chuma juu ya silinda wenye bolti inayoizuia pistoni kabla haijafika juu. Nikazungusha fraiwili kulia mpaka ikagota, nikatia alama ya rangi. Nikazungusha kushoto mpaka ikagota, alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili, hapo pistoni iko juu, hakuna mjadala. Alama yangu ya zamani ilikuwa imekosea nyuzi 6 na nusu. Nyuzi 6 na nusu katika 360, na kadi nzima ikawa uongo.

Wanafunzi nimewaambia leo leo. Nataka walijue kosa hili kutoka kinywani mwangu.

9 Agosti

Kadi ya kweli imepatikana. Mizunguko 50 nimeijumlisha na kugawa, na yote inapandana kama shuka zilizokunjwa vizuri.

Naueleza mzunguko kama ninavyouona kwenye karatasi. Pistoni iko chini, silinda ina cc 174.3 za hewa kwa bari 1. Inapanda, hewa inabanwa, mkunjo unapanda kuelekea kushoto. Ikifika bari 7 na ushei, valvu ya kutolea inasalimu amri na upepo unatoka kwenda tangini, mstari unakwenda karibu sawa mpaka pistoni inafika juu. Pistoni inaanza kushuka, zile cc 8.3 zilizobaki zinatanuka, presha inaporomoka. Ikishuka chini kidogo ya bari 1, valvu ya kuvutia inafunguka na hewa ya nje inaingia, mpaka chini tena.

Sasa hesabu. Gesi ikibanwa polepole sana na joto lake lote likitoka, presha mara ujazo haibadiliki. Kipeo cha ujazo, ile namba ndogo inayokaa juu ya ujazo katika hesabu hii, ni 1. Ikibanwa bila ya joto kupata njia, kipeo kwa hewa ni 1.4. Kompresa yenye afya inayopozwa kwa mapezi huangukia katikati, kwenye 1.3 hivi. Ukichukua logi ya presha na logi ya ujazo mkunjo unanyooka, na mwinamo wake ndio kipeo.

Mwinamo wangu wa kubana umetoka 1.0.

Nilifurahi mno. Kubanwa kwa jotoridi lile lile ndiko kubana kwa bei nafuu kuliko kote, wahandisi wanaweka mapezi na mabomba ya maji kukaribia hapo na hawafiki. Nikaandika pembezoni mwa daftari kwamba mwendo wa nusu umeipa hewa nafasi ya kupoa. Nikamwambia Ami mashine yake ni nzuri ajabu.

Ami hakujibu. Kachovya kidole kwenye ndoo, kadondosha tone la maji juu ya bomba la kutolea. Tone halikulowa. Limeruka, likachachatika, likatoweka. "Mwalimu," kasema, "hii ndiyo haikupata joto?"

10 Agosti

Sikulala vizuri. Ami kasema kweli kwa tone moja. Hewa iliyobanwa bila ya kupata joto haichemshi maji.

Nimerudi kwenye mstari nilioudharau, ule wa kushoto, wa zile cc 8.3 zinazotanuka. Huo nao una kipeo chake. Kama hewa inapoa vizuri wakati wa kubanwa, basi katika silinda ile ile, kwa mwendo ule ule, kutanuka nako kusingekuwa mbali na 1. Nimepima mwinamo: 1.8.

Kipeo 1.8 hakimo katika tabia ya hewa. Hewa haiwezi kushuka presha kwa kasi hiyo kwa kutanuka tu, hata ingefungiwa joto lake lote. Mlango wa 1.4 umepitwa. Maana yake moja: katika kutanuka, hewa inapungua. Inatoroka. Na kama inatoroka wakati wa kushuka, inatoroka pia wakati wa kupanda, na ndiyo sababu mkunjo wa kubana ulikuwa mvivu. Ile 1.0 haikuwa baridi. Ilikuwa tundu.

Nimeifuta ile sentensi ya pembezoni kwa mstari mmoja, isomeke bado.

Kadi inasema mengi zaidi ukishajua. Silinda yenye afya ingefika bari 7 ikiwa na cc 39. Hii imefika ikiwa imeshabaki na cc 25, nyengine imekwenda. Ukitoa zile 8.3 zisizotoka, mashine yenye afya ingepeleka tangini cc 30.7 za upepo wa bari 7 kila mzunguko. Hii inapeleka 16.7.

Lakini tundu liko wapi? Hapa kadi inafika mwisho wake, na ni lazima niseme hivyo. Valvu ya kutolea nimeitoa kwenye shaka: ingekuwa yeye, upepo wa upande wa tangi ungerudi silindani, kubana kungekuwa kwa kasi kupita kiasi na kutanuka kungekuwa kuvivu, kinyume cha ninachokiona. Wamebaki wawili, pete za pistoni na valvu ya kuvutia. Kwenye karatasi wanafanana kama pacha, maana kwa silinda ni mamoja hewa ikitorokea chini kwenye oili au juu kwenye chujio.

Basi tumetumia kiganja. Kwanza mdomo wa kupumulia wa kikasha cha krenki, tangi likiwa na bari 6: pumzi hafifu, ya kawaida. Kisha nimetoa chujio, nikaweka kiganja karibu na mdomo wa kuvutia. Inavuta, inavuta, na baina ya kila mvuto na mwengine inanipiga kofi dogo la upepo wa moto. Ami kaweka chake. Binti kaweka chake. Kompresa inatema kilekile inachokivuta.

Seti ya pete haikununuliwa.

16 Agosti

Sahani imetoka. Nimeinyanyua kuelekea jua, ulimi wa valvu ya kuvutia ukiwa umefunga, nikatazama kwa upande wa pili. Pembeni mwa tundu pana uzi wa mwanga, umepinda kama mwezi wa siku moja. Mkono ukitikisika unatoweka, ukitulia unarudi.

Kwenye kitako cha ulimi imekaa chembe ya makaa ya oili, ndogo kuliko pilipili manga iliyovunjwa, ngumu kama kokoto. Kwa muda mrefu ulimi umekuwa ukigonga juu yake maelfu ya mara kwa siku, hata ncha yake imeinuka kidogo. Chembe hiyo ndiyo iliyokuwa inakula dakika za kila tangi.

Chembe imebanduliwa kwa ncha ya kisu cha shaba, chuma kingechuna kitako. Kitako tumekisaga kwa msasa 600 na kisha 1000, umelazwa juu ya kioo cha dirisha wenye matone ya oili, sahani ikizungushwa kwa umbo la nane. Ami ndiye aliyesaga. Mikono yake inajua uzito wa kuweka. Yangu inakimbilia kubonyeza. Ulimi nimeugeuza upande wa pili, ule uliokuwa haujaliwa. Jua tena: giza tupu.

Oili nayo imebadilishwa. Iliyokuwemo ilikuwa ya injini ya gari, na Ami anahisi hiyo ndiyo inayoacha makaa kwenye valvu. Nadhani yuko sawa. Safari hii katia ya kompresa.

17 Agosti

Kadi ya pili, kwa puli ile ile ndogo na geji ile ile kwenye 6. Kipeo cha kubana 1.29. Kipeo cha kutanuka 1.26. Valvu ya kutolea imefunguka kwenye cc 39, pale pale hesabu ilipoisubiri.

Nimezichora kadi zote mbili kwa mkono kwenye karatasi ya grafu, sm 1 kwa bari 1 kwenda juu, na sm 1 kwa cc 10 kwenda kando. Vipimo hivi nimevichagua makusudi. Bari 1 mara cc 10 ni juli 1, kwa hiyo kila mraba wa sentimita ndani ya kitanzi ni juli moja ya kazi ambayo mota imeifanyia hewa katika mzunguko mmoja. Huhitaji kalkulasi, unahitaji penseli na subira. Darasa zima limehesabu leo, miraba kamili kwanza, kisha vipande vya pembeni vikiunganishwa.

Kadi ya zamani: juli 28. Kadi mpya: juli 36.

Darasa likazizima. Mmoja akauliza lililokuwa moyoni mwa wote: mbona baada ya kutengenezwa inakula kazi zaidi? Sikumjibu haraka, nimewaachia mpaka kengele ya pili. Jibu kalipata msichana wa dawati la nyuma, kwa kugawa. Juli 28 zilipeleka cc 16.7, yaani juli 1.68 kwa kila cc. Juli 36 zinapeleka cc 30.7, yaani 1.17. Kitanzi kidogo kilikuwa na njaa ndogo na mzigo mdogo zaidi. Kazi iliyobaki ilikuwa inabana hewa ambayo inarudishwa uani kupitia chujio.

Umeme huu unatufikia kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu 2010, na Ami anaulipia kwa tokeni. Juli zake zilikuwa zinavuka mkondo mzima wa Pemba zije zipige viganja vyetu.

18 Agosti

Puli kubwa imerudi, mwendo wake wa kawaida. Tangi tupu, koki imefungwa, saa ya simu. Bari 7 kwa dakika 7 na sekunde 40.

Dakika zilizookolewa ni chache kuliko kadi zilivyonifanya nitarajie, na sababu ninaiona: kadi zilichorwa kwa nusu ya mwendo, ambapo hewa ina muda maradufu wa kutoroka katika kila mzunguko, na kwa tangi lenye bari 6, ambapo msukumo wa kuitorosha ni mkubwa. Tangi tupu linapoanza kujaa uvujaji ni mdogo. Kadi si tangi zima, ni hali moja. Ningependa kuchora kadi kwenye geji 2 na 4 pia, na wanafunzi wa kidato cha tano wameshaomba kazi hiyo iwe yao.

Kihisi nimekitoa na tundu nimeliziba kwa bolti fupi ya shaba yenye uzi wa kuzibia. Ami kauliza kama kinaweza kupelekwa Konde, kwa nduguye mwenye kompresa ya kupigia rangi, ambayo nayo wamemwambia pete zimekwisha. Tunakwenda Jumamosi. Alama za rangi nyeupe kwenye fraiwili, ile ya kulia, ya kushoto na ya katikati, nimeziacha.